Kishikwambi cha Kalamu Milimani: Nani Anunue, Nani Asubiri

Kama wewe ni mwalimu wa hisabati Matombo, mwanafunzi wa uhandisi wa kilimo pale SUA, au afisa ugani unayepanda na kushuka Mgeta wiki nzima, kishikwambi chenye kalamu ya kweli sasa ni chombo cha kazi na fedha yako haitapotea. Kama unachotaka ni kusoma ujumbe wa WhatsApp, kutazama mpira na kuandika barua mojamoja, acha kalamu dukani. Simu yako inatosha, na kwa kumbukumbu za kikundi kaunta buku bado halina mpinzani. Hayo mengine nitakayoeleza ni ya kukusaidia kujua uko upande gani, na ukiwa upande wa kununua, ununue kitu gani.

Watanzania hatuanzi leo kuonana na kalamu isiyo na wino. Aliyejiandikisha NIDA anakumbuka kupewa kalamu ya namna hiyo na kuambiwa atie saini juu ya kibao kidogo, saini ikatokea kwenye kompyuta ya ofisa. Kisha ikaja Sensa ya Watu na Makazi iliyoanza tarehe 23 Agosti 2022. Makarani walizunguka nchi nzima na vishikwambi mikononi, wakapanda hadi vitongoji vya milima ya Uluguru ambako gari halifiki, na hesabu ikatoka: watu 61,741,120 nchini, kati yao 3,197,104 wa mkoa wa Morogoro. Sensa ilipokwisha, Serikali ikavielekeza vishikwambi hivyo kwa walimu, na ugawaji ukaanza kabla mwaka haujaisha.

Sensa ilithibitisha jambo moja kubwa: kishikwambi kinaweza kufanya kazi mlimani, mbali na soketi, na kutuma taarifa baadaye mtandao unapopatikana. Lakini kazi ya karani ilikuwa kugusa jibu, kuandika jina na kusonga mbele. Kidole kilimtosha. Mwalimu aliyekipokea kifaa kilekile ana kazi ya aina nyingine. Anataka kuandika kanuni ya kipeo cha pili, kuchora moyo na mishipa yake, kusahihisha insha pembeni mwa mstari. Hapo ndipo kidole kinapogoma na swali la kalamu linapoanza.

Swali hilo ni la zamani kuliko tunavyodhani. Apple ilileta Newton mwaka 1993, kifaa cha mkononi cha kuandikiwa kwa kalamu, ikakiacha mwaka 1998. Mwaka 2001 Bill Gates alitabiri kwamba ndani ya miaka 5 kompyuta bapa za kalamu ndizo zingekuwa zinanunuliwa zaidi Marekani, na Novemba 2002 Microsoft ikazindua Tablet PC. Utabiri haukutimia. Vifaa vilikuwa vizito, ghali, na programu zake zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya kipanya, kalamu ikapachikwa juu yake tu. Mwaka 2007, akizindua iPhone, Steve Jobs aliitupilia mbali kalamu jukwaani, na iPad ya mwaka 2010 ikaja na kidole peke yake. Samsung ikairudisha kalamu kwenye Galaxy Note mwaka 2011, na mwaka 2015 Apple yenyewe ikaanza kuuza Apple Pencil kwa dola 99 za Marekani. Tangu hapo uzito umepungua na mstari umeacha kuchelewa nyuma ya ncha. Yaliyobaki kwetu ni mambo mawili, bei na lugha, na kwa mtu wa milimani liongezwe la tatu, mazingira.

Kabla ya bei, ujue kalamu ziko za namna tatu, maana wauzaji huziita zote kwa jina moja.

Ya kwanza ina ncha ya mpira laini au kisahani cha plastiki. Utaipata mahali pengi mjini, kuanzia Msamvu hadi maeneo ya Soko Kuu la Chifu Kingalu, kwa bei ndogo. Kwa kioo cha kishikwambi hiyo ni kidole kingine tu. Haijui umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, na ukilaza kiganja kama unavyolaza juu ya daftari, kioo kinashindwa kutofautisha kiganja na ncha. Inafaa kutia saini, au kugusa kioo mikono ikiwa na tope. Haifai kuandikia ukurasa mzima, hata ikipambwa vipi.

Ya pili ina betri ndani yake na huwasiliana na kioo kilichotengenezwa kuipokea. Apple Pencil ni ya kundi hili. Huandika vizuri sana, ila ina masharti: ya toleo hili haikubali kishikwambi cha toleo lile, na ikiisha chaji umebaki na kijiti. Ukiinunua, nenda dukani na kishikwambi chenyewe, uijaribu hapohapo.

Ya tatu haina betri kabisa. Chini ya kioo kuna utando wa nyaya unaotoa nguvu ya sumaku-umeme, na koili ndogo iliyo ndani ya kalamu huipokea nguvu hiyo na kujibu. Kampuni ya Wacom ya Japani ndiyo iliyoikuza teknolojia hii, na S Pen ya vishikwambi vya Samsung hufuata njia hiyohiyo. Galaxy Tab S6 Lite, iliyotoka mwaka 2020 kwa dola 349, ilikuja na kalamu yake ndani ya boksi. Mimi humshauri mtu wa Uluguru achukue kundi hili la tatu. Huko juu kila kitu kinachohitaji chaji ni mzigo wa ziada, na kalamu isiyohitaji kuchajiwa inaweza kukaa mfukoni miezi mitatu na ikaandika siku utakayoitoa.

Ukiwa dukani, usiridhike na muuzaji akichora ua na kuandika jina lake. Omba ukae. Laza kiganja chote juu ya kioo na uandike sentensi tatu kwa mwendo wako wa kawaida wa darasani. Alama zikitokea chini ya kiganja, rudisha. Weka rula ya plastiki juu ya kioo, vuta mstari wa mshazari polepole sana. Kalamu dhaifu huutoa mstari ukiwa na mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo yatakayoharibu kila mchoro wako wa jometri. Bonyeza kwa nguvu, kisha kwa wepesi, uone kama wino unanenepa na kukonda. Halafu toka nje na kifaa. Jua la Morogoro la saa saba mchana ndilo mtihani wenyewe: kama huoni ulichoandika barazani mwa duka, hutakiona kwenye shamba la Kinole. Uliza pia ncha za akiba. Ncha huisha kama soli ya kiatu, na kioo ulichobandika karatasi ya kukwaruza kidogo huila haraka zaidi. Asiyeweza kukuuzia ncha leo hataweza mwaka kesho.

Kama kishikwambi kina sehemu ya laini, bonyeza *#06# uone namba yake ya IMEI, kisha uilinganishe na iliyo kwenye boksi. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchini, na kifaa chochote cha laini chenye namba ya kughushi kiko katika hatari hiyohiyo. Kama ni kilichotumika ng'ambo, hakikisha akaunti ya mwenye nacho wa awali imeondolewa. Mwambie muuzaji akirejeshe katika hali ya kiwandani mbele yako na akiwashe upya. Kikidai nenosiri la mtu usiyemjua, ondoka. Dai risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, watu wengi huenda Kariakoo na kurudi siku hiyohiyo, na bei huko huwa nafuu. Pima unafuu huo na nauli ya kurudisha kitu kibovu.

Sasa nije kwenye kazi ambayo, kwa maoni yangu, peke yake inatosha kuhalalisha kalamu katika milima hii.

Uluguru ni milima ya miteremko mikali inayolimwa karibu hadi mpaka wa msitu wa hifadhi. Maji ya mto Ruvu, ambayo Dar es Salaam huyategemea, hutoka humo. Kila afisa ugani anayefanya kazi Nyandira, Bunduki au Kibungo hujikuta akizungumzia kitu kilekile: udongo unaoshuka na namna ya kuuzuia. Na matuta ya ngazi yana historia nzito hapa. Wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuyachimba kwa mpango ulioanza mwaka 1950, ukajulikana kwa kifupi chake cha ULUS. Watu walichimba kwa amri, mahali walipoamriwa, hata udongo ulipokuwa haufai. Mwaka 1955 hasira zikalipuka Matombo, na mpango ukafa. Kwa hiyo mtaalamu anayefika leo na ramani iliyokamilika, yenye mistari iliyochorwa ofisini, anaingia kwenye jeraha la zamani.

Kalamu inabadilisha mazungumzo hayo. Simama ng'ambo ya bonde, upige picha ya shamba la mkulima mwenyewe, mkae chini pamoja, umpe kalamu. Picha ni ya shamba lake: anaona mgomba wake, jiwe lake, mfereji wa maji ya mvua unaotoka kwa jirani. Mwambie achore maji yanakopita wakati wa masika. Wewe chora kwa rangi nyingine unakodhani tuta la kwanza likae. Yeye atasema hapo kuna mwamba, futa. Sogeza juu, chora tena. Ndani ya nusu saa mna mchoro mmoja wa watu wawili, na hakuna karatasi iliyoharibika. Kesho yake mkienda na kifaa cha miti mitatu chenye umbo la A na kamba ya timazi kupima usawa, mnajua mnaanzia wapi. Jaribu kufanya hivyo kwa kidole kinene chenye udongo kwenye kioo kidogo cha simu, utaelewa kwa nini ninaipigania kalamu.

Programu za kazi hiyo ni za bure. ODK Collect, ambayo taasisi nyingi hutumia kukusanya taarifa, inaruhusu dodoso liwe na swali la kuchora, swali la kuandika juu ya picha na swali la saini, na yote hujazwa bila intaneti. QField hukuwezesha kufuata mpaka wa shamba kwa mkono huru juu ya ramani iliyokwisha pakuliwa. Kati ya mwaka 2008 na 2012 shirika la CARE na WWF waliendesha mpango ambao wakulima wa vijiji vya Uluguru walilipwa kwa kuhifadhi vyanzo vya Ruvu, DAWASCO na Coca-Cola zikiwa miongoni mwa walipaji. Malipo ya namna hiyo yanahitaji kumbukumbu ya kila shamba, na mtu yeyote atakayeanzisha mpango kama huo leo atakuwa na chombo chepesi zaidi cha kuitunza.

Kwa mwalimu faida ni ya kila siku zaidi. Pakua mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita ukiwa mjini, uifungue katika programu ya kusoma faili za PDF inayokubali wino, kisha fanya swali hatua kwa hatua ukirekodi kioo. Mwanafunzi aliyekosa kipindi kwa sababu mto ulifurika ataliona swali linavyofanywa, si jibu tu. Shule ikiwa na projekta, unaandika ukiwa umegeukia darasa badala ya kulipa mgongo. Mwalimu wa baiolojia anaweza kuchukua picha ya ua la urujuani wa Kiafrika, linaloota lenyewe katika msitu wa Uluguru, akaandika sehemu zake juu ya picha. Ila kama kishikwambi chako ni kile cha mgao wa baada ya sensa, usikimbilie kununua kalamu ya bei. Angalia kwanza jina na toleo la kifaa kwenye mipangilio. Kama kioo hakina uwezo wa kupokea kalamu ya kweli, hakuna kalamu itakayokipa.

Na ukiwa na kompyuta mpakato tayari, liko jambo ambalo wauzaji wa vishikwambi hawatakuambia. Vipo vibao vya kuchorea visivyo na kioo, vya Wacom, Huion au XP-Pen, unavyochomeka kwenye kompyuta na kuandika huku ukitazama skrini. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kishikwambi kizuri. Mkono huchukua siku kadhaa kuzoea kuandika pasipo kuangalia, kisha unasahau. Kwa mwanafunzi wa Mzumbe au SUA anayehitaji kuandika milinganyo na kuchora michoro ya ripoti akiwa mezani, hiki ndicho ningemshauri anunue kwanza.

Suala la lugha linahitaji uvumilivu. Kuandika kwa wino ni jambo moja. Kifaa kuusoma mwandiko wako na kuugeuza kuwa chapa ni jambo jingine. Apple ilipoleta uwezo huo kwenye iPad mwaka 2020, ilianza na Kiingereza na Kichina. Kiswahili kina bahati ya kuandikwa kwa herufi zisizo na alama za juu, kwa hiyo mashine huzitambua herufi zetu bila shida. Taabu huanzia kwenye kamusi iliyo nyuma yake. Ikidhani unaandika Kiingereza, itakusahihisha hadi sentensi ikose maana. Weka lugha ya kibodi iwe Kiswahili, kisha ujaribu kwa maneno magumu: ng'ombe, mng'ao, mhuri, nyanya chungu, na majina ya vijiji vyako. Yakikosewa zaidi ya mara mbili tatu, acha kugeuza na uhifadhi wino kama ulivyo. Dondoo za mkono zinazosomeka ni bora kuliko chapa iliyopotoshwa, hasa zikiwa na majina ya watu na kiasi cha fedha.

Mazingira ya mlima nayo yana kanuni zake. Miteremko ya mashariki hupata mvua nyingi mno, na tone moja juu ya kioo hukifanya kidhani umekigusa. Kalamu ya sumaku huendelea kuandika penye maji, lakini mguso wa kidole huvurugika, basi uzime mguso wa kidole kwenye programu kabla hujaingia shambani na ubaki na kalamu tu. Kwenye mfuko weka kifaa ndani ya plastiki nzito inayofungika, hata kama boksi linasema hakiingii maji. Ukitoka kwenye baridi ya Tchenzema ukashuka mjini kwenye joto na unyevu, usikitoe mara moja. Hewa ya joto ikikutana na kioo cha baridi huacha umande, na umande huingia palipo na tundu la chaja. Kiache ndani ya mfuko hadi kipate joto la chumba. Wakati wa joto kali usikiache kwenye gari lililofungwa, maana betri ya lithiamu huzeeshwa haraka na joto.

Kuhusu umeme, paneli ndogo ya sola inayochaji simu itakichaji na kishikwambi, ila kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu betri yake ni kubwa. Punguza mwanga wa skrini na uzime data usipoihitaji. Minara iko kileleni Bondwa na mtandao mjini ni mzuri, lakini nyuma ya safu, mabondeni, hupotea kabisa. Kila programu unayoitegemea ifunguliwe na kujaribiwa mjini data ikiwa imezimwa. Inayokataa kufunguka bila intaneti haina kazi mlimani. Ukishuka, nakili kazi yako mahali pengine kabla ya kufanya lolote.

Neno kuhusu saini. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki, na vikundi vinaweza kuitumia kwa mahudhurio na kupokea mgao. Kwa mauziano ya ardhi, hasa ardhi ya ukoo ambayo kwa Waluguru hufuata upande wa mama na ina wasemaji wengi, endelea na karatasi, mashahidi na mhuri wa mtendaji wa kijiji. Na ukikusanya majina, picha na saini za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu: waeleze unazichukua kwa kazi gani, weka nenosiri, usimpe mtoto kifaa hicho acheze nacho.

Kwa mnunuzi wa kawaida, basi, wakati bado. Bei ya kifaa kizuri ingali juu, mafundi wanaoweza kubadili kioo chenye utando wa kalamu ni wachache, na kazi nyingi za kila siku hazihitaji mwandiko. Kwa anayechora, anayesahihisha na anayefundisha kwa mkono, wakati umefika. Na kwa wakuu wa shule, halmashauri na miradi inayoagiza vishikwambi kwa mamia, ombi langu ni hili: kabla ya zabuni inayofuata, waulizeni walimu na maafisa ugani ni kazi gani wanaifanya kwa mkono. Kama jibu ni kuandika na kuchora, agizeni vyenye kioo cha kupokea kalamu, pamoja na ncha za akiba, hata ikibidi idadi ipungue.